Faili ya Baba Isiyofunguka

Muthara,
3 Machi 2024

Kwa Ednah, binti wa baba yangu,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi tuliobaki ni wazima. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, mvua bado tunaitazama tu kule milimani, na Baba Mdogo Misheck anaumwa na goti, ingawa mdomo wake haujambo. Makaburi ya Mama na Baba nimeyapalilia. Ungekuwa karibu ningekuomba msaada, lakini najua mtu wa Embu mjini hana viatu vya matope.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu siku ya mazishi ulisema mbele ya watu kwamba simu yangu hutaishika tena. Sawa, usiishike. Barua haina mlio.

Haya, jambo lenyewe. Wiki moja kabla Baba hajatuacha aliniomba nimwashie rekoda ya simu, niiweke juu ya mto karibu na mdomo wake, halafu nitoke nje nifunge mlango. Miaka sita nimemwogesha na kumlisha uji kwa kijiko, na siku ya maneno yake ya mwisho nikafungiwa nje kama mtu wa kupita. Nilitoka. Aliponiita nikarudi, nikaizima. Akasema maneno hayo yasikizwe siku ukoo utakapokaa, watu wote pamoja, si kabla. Wewe mambo ya kirumi unayacheka siku hizi, lakini mimi hiyo laana ya mzazi anayekufa naiogopa. Sikusikiza hata neno moja.

Sasa ile simu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya ng'ombe. Kadi yake niliitoa ikiwa nzima, nikaiweka kwenye simu mpya, na simu mpya inasema haiwezi kufungua faili hii. Koome wa duka la simu hapa sokoni alitaka kujaribu nikakataa. Maneno ya Baba hayataingia sikio la mtu wa nje kabla ya watoto wake. Wewe ni mtoto wake, na unafundisha watu kompyuta. Ifanye icheze kwenye spika. Ukitaka kujua kama inafanya kazi, sikiza sekunde mbili tu, uzime.

Wazee wanakaa tarehe 17 Agosti kuamua nyumba na shamba. Wana wa Baba Mdogo wanasema binti aliyeachwa na mume hawezi kurudi kwa baba yake akajiita mwenye boma. Nina hakika Baba amesema nyumba ni yangu. Nani mwingine angempa? Bila hiyo sauti sina pa kwenda, na wewe wajua.

Kadi imo ndani ya bahasha, nimeifunga kwa karatasi ya sigara.

Dada yako,
Gatwiri


Embu,
29 Machi 2024

Dada Gatwiri,

Salamu. Leo ni Ijumaa Kuu, chuo kimefungwa, nimepata nafasi ya kukujibu. Mimi sijambo. Wanafunzi ni wengi muhula huu, wengine wazee kuliko wewe, na wanajifunza.

Kadi ilifika siku nyingi. Nitakueleza tatizo la simu yako ili usidhani ni uchawi. Kila faili ina jina, halafu nukta, halafu herufi tatu au nne za mwisho. Herufi hizo tunaziita extension. Kazi yake ni kuiambia mashine hii ni kitu gani na ifunguliwe kwa programu ipi. Picha nyingi huishia jpg, nyimbo huishia mp3, barua iliyochapwa huishia docx, na zile fomu za serikali zisizoguswa ovyo huishia pdf. Ya Baba inaitwa REC003.amr. Simu za zamani zilipenda kuhifadhi sauti kwa mtindo huo wa amr kwa sababu hauchukui nafasi; faili yako nzima ina kilobaiti 870 tu. Simu nyingi za sasa haziijui. Ndiyo maana yako ilikukatalia.

Hata hivyo nimejaribu kwenye kompyuta, na imeharibika. Inatoa mvumo tu. Nadhani ni yale maji. Ushauri wangu, Gatwiri, waambie wazee kadi imekufa na waamue bila hiyo. Baba Mdogo ana huruma akishashiba. Ningekuwa wewe ningeacha jambo hili hapa.

Na kuna swali. Eunice, karani wa kanisa, ndiye aliyesaidia kumvisha Baba suti. Aliniambia mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, ulikuwa na alama nne nyeusi zilizopangana na moja upande wa pili. Zilitoka wapi?

Ednah


Muthara,
21 Aprili 2024

Ednah,

Mvua imenyesha, Mungu asifiwe. Maharagwe yameota vizuri, ila yale ya bondeni yamebebwa na maji. Ndama anakua. Mke wa Misheck amejifungua pacha, wote wasichana, na Misheck amenuna wiki nzima kana kwamba aliibiwa.

Nimesoma barua yako mara mbili. Imeharibika! Umekaa na kadi wiki nne halafu unaniambia imeharibika. Nilimuuliza Koome, bila kumpa kitu, na akasema hizo za amr zinafunguka kwenye kompyuta yoyote yenye programu nzuri, na kwamba kadi iliyoonyesha jina la faili haijafa. Sasa mwalimu ni nani, wewe au Koome aliyeishia kidato cha pili?

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Umesikiza. Umesikia nyumba ni yangu, na roho imekuuma, kwa sababu ulidhani utakuja siku moja na gari uuze na uondoke. Ng'ombe wanne waliuzwa ili wewe ukae darasani. Mimi nilitolewa shule darasa la nane nikachume miraa ya watu. Sikulalamika. Baba alipolala kitandani miaka sita, wewe ulikuja mara mbili, na mara zote mbili ulileta blanketi ukarudi kabla ya chai kuchemka. Hujui uzito wa mwanamume asiyeweza kujigeuza. Hujui harufu yake.

Ulipomzika yule mtoto wako tulikuja Embu wote, hata Baba na fimbo yake. Kwa muda mrefu nilijiuliza kwa nini Mungu alimchukua akiwa na miezi minne. Siku hizi sijiulizi. Alimwangalia mama aliyempata, akamhurumia mtoto.

Fungua faili au urudishe kadi.

Gatwiri


Embu,
30 Mei 2024

Dada mpendwa,

Natumaini nyote hamjambo, na pacha wa Baba Mdogo wananyonya vizuri. Nimefurahi kusikia habari za maharagwe. Hapa Embu baridi imeanza.

Barua yako niliisoma mara moja, nikaikunja, nikaiweka ndani ya Biblia. Sitaijibu yote.

Una haki. Nilikata tamaa haraka mno. Nimejaribu tena kwa programu nyingine na inaonekana faili ya Baba inaweza kupona. Lakini mimi sitaifungua. Nikiifungua mimi utasema nimeongeza au nimepunguza. Utaifungua wewe mwenyewe, kwa mkono wako, mbele ya ukoo. Kwa hiyo lazima ujifunze. Eunice amekubali utumie kompyuta ya ofisi ya kanisa siku za Jumanne baada ya ibada ya akina mama. Nimeongea naye.

Somo la kwanza ni hili. Kompyuta nyingi huficha zile herufi za mwisho, kwa hiyo unaweza kudanganywa na jina. Fungua folda yoyote, bonyeza View hapo juu, weka tiki palipoandikwa File name extensions. Utaona kila faili imevaa nukta yake na herufi zake. Ukishaziona, usizichezee. Mkebe wa chumvi ukiubandika lebo ya sukari, chai yako bado itakuwa ya chumvi. Kubadilisha herufi za mwisho ni kubadilisha lebo tu, kilichomo hakibadiliki, na mashine ikidanganywa na lebo inashindwa kufungua.

Nimekutumia flash yenye faili tano za mazoezi. Nne ni za kawaida: ua.jpg, kengele.mp3, barua.docx na fomu.pdf. Zifungue zote, uone kila moja inafunguliwa na programu gani. Ya tano inaitwa siri.mp3. Hiyo haitacheza, kwa sababu lebo yake ni ya uongo. Kazi yako ni kutafuta lebo yake ya kweli. Jaribu moja baada ya nyingine. Ukiipata, niandikie umeona nini.

Mdogo wako,
Ednah


Muthara,
23 Juni 2024

Ednah,

Salamu. Tunavuna maharagwe ya njahi. Baba Mdogo Misheck amepima boma kwa hatua, mbele ya macho yangu, akihesabu kwa sauti, na mwanawe mkubwa akishika kamba. Nilimuuliza anapima nini, akasema anafanya mazoezi ya goti. Ndivyo tunavyoishi.

Nimeenda kanisani Jumanne tatu. Tiki niliiweka, na mikia ikatokea yote. Mimi naiita mikia, neno lako la Kizungu linanikwaza. Ua lilifunguka, kengele ikalia mpaka mchungaji akachungulia, barua ikafunguka na fomu pia. Eunice anasema nina akili, na kwamba ningesoma ningekuwa mbali. Nilimwambia alishasoma mwingine kwa niaba yangu.

Lakini nilifanya kosa, nikuambie ucheke. Ilikuwepo faili ya kanisa inaitwa Kipaimara.xlsx. Niliona ule mkia ni uchafu, nikaufuta wote ili jina likae vizuri. Kompyuta ikauliza kama nina hakika, nikasema ndiyo, maana mimi si mtu wa kuulizwa mara mbili. Faili ikageuka karatasi nyeupe isiyofunguka na kitu chochote. Humo mlikuwa na majina ya watoto arobaini na wawili waliokuwa wapewe kipaimara Jumapili. Eunice alikaa chini akashika kichwa. Halafu nikakumbuka mkebe wako wa chumvi, nikawaza kwamba kama kilichomo hakibadiliki basi majina yangali mle ndani. Nikaandika nukta na xlsx tena, na watoto wote wakarudi. Nilijisikia mtu mkubwa siku hiyo. Miaka mingi sijajisikia hivyo.

Ile ya tano niliijua upesi kuwa ni picha. Nimeifuta.

Naomba sasa unirudishie kadi. Wiki nane tu zimebaki.

Gatwiri


Embu,
12 Julai 2024

Dada mpendwa,

Nimefurahi sana na maendeleo yako. Nasema kweli, wanafunzi wangu wanaolipa karo hawakumbuki mkebe wa chumvi kama ulivyoukumbuka wewe.

Hukuniambia uliona nini kwenye siri. Basi nitasema mimi. Uliuona mkono wa kushoto wa Baba, uliopigwa picha na Eunice kabla shati halijafungwa vifungo. Umeifuta kwenye flash, lakini faili ikifutwa mahali pamoja haifi kama iko mahali pengine. Yangu ninayo.

Kadi hii hapa. Faili iko ndani yake, na bado ni amr. Spika ya kanisa inakubali mp3 tu, kwa hiyo lazima igeuzwe. Sikia vizuri: kugeuza si kubadilisha mkia kwa mkono. Programu ndiyo inayosoma kilichomo na kukiandika upya kwa mtindo mwingine. Kwenye kompyuta ya Eunice kuna ile yenye picha ya koni ya barabarani. Ifungue, nenda Media, halafu Convert, chagua REC003.amr, chagua MP3, uipe jina jipya, ubonyeze Start. Haitatoa sauti wakati inafanya kazi, kwa hiyo huna haja ya kuogopa kirumi. Usishangae faili mpya ikiwa nzito kuliko ya kwanza, mp3 huwa hivyo. Ile ya kwanza usiifute kamwe. Faili ya asili ndiyo shahidi.

Ukimaliza, sikiza sekunde mbili. Halafu zima, uiache mpaka tarehe 17. Mimi sitakuja. Nina mitihani ya kusimamia.

Swali langu la Machi bado liko mezani. Nakuuliza kwa mara ya mwisho na nitakuamini utakachosema. Ukinijibu ukweli, Gatwiri, nitakuambia jambo kabla ya siku hiyo, na jambo hilo litakufaa. Una wiki tano.

Ednah


Muthara,
5 Agosti 2024

Ednah,

Sisi wazima. Nimemaliza. Niligeuza mwenyewe, Eunice akiwa jikoni anapika chai, na ikatokea MANENO-YA-BABA.mp3, nami ndiye niliyeipa jina. Nilisikiza sekunde mbili. Baba anakohoa, halafu anasema, "Watoto wangu." Nikazima. Nililia pale kwenye kiti mpaka Eunice akaniletea leso.

Hema limekodiwa, mbuzi wawili wako tayari. Huna haja ya kuniambia jambo lolote kabla ya siku hiyo. Ninaijua sauti ya baba yangu kuliko wewe.

Mkono: alianguka chooni.

Gatwiri


Majengo, Meru,
22 Septemba 2024

Ednah,

Salamu sina. Niko Meru mjini, nimepanga chumba hapa Majengo nyuma ya bucha, na kazi yangu ni kufua makoti ya wauza nyama. Damu ya ng'ombe haitoki kwa maji moto, inataka baridi. Hilo nimejifunza bila mwalimu.

Sijui Eunice amekusimulia nini kuhusu siku ile. Nitakuambia mwenyewe. Watu walikuja zaidi ya mia. Wazee walikaa mstari wa mbele. Misheck alifungua kwa maombi, halafu akasema kwa dharau yake, "Haya, Gatwiri, tuonyeshe hiyo teknolojia yako." Nikasimama. Nilikuwa nimevaa ile gauni ya bluu. Nikaweka flash kwenye spika mimi mwenyewe, nikabonyeza mimi mwenyewe, nikarudi kukaa mahali ambapo kila mtu angeniona uso. Nilitaka waone uso wangu wakati nyumba inapewa mimi.

Baba akakohoa. Akasema, "Watoto wangu, huyu Gatwiri ananitesa. Nikichafua shuka ananifinya mkono hapa, juu ya kiwiko, mpaka naona giza. Ananiambia nife haraka apumzike. Juzi alininyima maji tangu asubuhi hadi jioni ili nisikojoe. Mimi Gikunda, niliyewalisha nyote, nalia kama mtoto mchanga. Simwambii mtu, kwa sababu kila anayekuja kuniona anafunguliwa mlango na yeye." Spika ikatoa mvumo kidogo, ikanyamaza.

Hakuna aliyepiga kelele. Ningefurahi wangepiga kelele. Mke wa Misheck alichukua pacha wake, mmoja kila mkono, akahama kiti alichokuwa ameketi karibu nami. Misheck akasema, "Umetusomea kirumi chako wewe mwenyewe." Wakanipa mpaka Jumapili. Hakuna aliyenishika mkono kuniaga. Ndama wangu nilimwacha.

Ndiyo, Ednah. Swali lako la Machi, ndiyo. Nilimfinya. Si mara moja. Nilimnyima maji siku ile na siku nyingine. Nilikuwa nimechoka mpaka sikumwona tena kuwa ni baba, nilimwona ni kazi isiyoisha, na kazi yenyewe ilikuwa inanitukana. Kila asubuhi kabla sijamfungua nepi aliniuliza kama mume wangu ameshanikumbuka. Kila asubuhi. Sisemi hivyo ili unihurumie. Nimeshajua kwako hakuna huruma, na kwangu haikuwepo pia.

Lakini wewe ulinifundisha vizuri mno. Jana nilienda cyber iliyo karibu na msikiti, nikaweka kadi, nikaangalia ile ya asili. Si mp3, maana hiyo ulisema uzito wake hubadilika. Niliangalia amr yenyewe. Ina kilobaiti 390. Barua yako ya tarehe 29 Machi ninayo hapa mkononi, umeandika kwa kalamu yako, kilobaiti 870. Kadi haijatoka kwa mtu mwingine yeyote ila mimi na wewe. Zaidi ya nusu ya maneno ya Baba haipo.

Nimeulizia, nikaambiwa sauti inaweza kukatwa na kuhifadhiwa tena kwa jina lile lile na mkia ule ule, na asiyejua kusoma uzito hatajua kamwe.

Sitaki nyumba. Nyumba ameshaingia mwana wa Misheck, amepaka rangi. Nataka kujua kitu kimoja tu. Katika hayo uliyoyakata, Baba alinitaja kwa wema hata mara moja?

Gatwiri


Embu,
14 Oktoba 2024

Barua hii imechapwa. Haina jina la aliyeandika na haitakuwa na sahihi. Ukimwonyesha Misheck au mtu yeyote, nitasema sijui imetoka wapi, nao watamwamini mwalimu.

Nilisikiza yote Machi, siku ile ile kadi ilipofika. Nilikaa sakafuni. Nilikudanganya kwamba imeharibika kwa sababu nilitaka ife mikononi mwangu, kwa faida yako na yangu. Yangu pia, maana Baba hakunisahau. Kama ungeacha pale, ungekuwa nyumbani hadi leo, ukigombana na Misheck juu ya mpaka.

Kisha ukaniandikia kuhusu mtoto wangu. Aliitwa Ruguru. Hukumtaja hata jina.

Siku ile nilikata. Nilikata pale Baba anapomaliza kusema juu ya mlango. Nikahifadhi kwa jina lile lile juu ya ile ya kwanza, kwa hiyo ya kwanza haipo, na nakala niliyokuwa nayo kwenye kompyuta nimeifuta pia, nikamwaga na debe la takataka la kompyuta. Halafu nikaanza kukufundisha. Ningeweza kuwatumia wazee faili kwa simu kwa dakika moja. Nilitaka uibonyeze wewe. Julai nilikupa nafasi, na nilikusudia kweli kukuambia usiicheze. Ukaniandikia kwamba alianguka chooni.

Umeuliza kama alikutaja kwa wema. Nitakuandikia alivyosema, maana ninayajua kwa moyo, na sasa ni mimi tu ninayeyajua.

Baada ya yale ya mlango alivuta pumzi. Akasema: "Lakini msimguse. Nilikuwa na mabinti wawili. Mmoja nilimsomesha kwa ng'ombe wangu, akaniletea mablanketi mawili. Huyu alibaki. Mkono unaonifinya ndio ulioniosha kila siku miaka hii yote, na mimi nimemtukana kwa mambo ya mumewe kuliko adui angemtukana. Nilifanya hivyo kwa sababu yeye ndiye pekee aliyekuwepo wa kutukanwa. Nimemsamehe. Naye akiweza anisamehe. Nyumba ni yake, na shamba la juu ni lake, na atakayemtoa kirumi changu kimfuate yeye na watoto wake. Ednah akija, apewe mablanketi yake."

Misheck hajui kirumi kilicho juu ya kichwa chake. Wala pacha hawajui. Mimi najua, na niliona pacha mmoja akiletwa hospitali ya hapa Embu wiki iliyopita kwa kifua, na sikusema kitu. Kirumi sikiamini. Nimejiambia hivyo kila siku tangu Agosti.

Baada ya hapo kuna dakika moja isiyo na maneno, anahema tu. Kisha anaanza kukuita. Mara ya kwanza nilidhani anakuita uje uzime rekoda. Lakini alikuita kwa jina la nyumbani, lile ambalo Mama alikuwa akikuita ukiwa mdogo, akalirudia mara tatu, akasema, "Njoo ukae kidogo." Mlango unasikika ukifunguliwa. Halafu inasikika sauti yako, na ndiyo ya mwisho kwenye faili. Ulisema, "Nini tena?"